Yaweza na Itapaswa

Miaka ishirini na sita nilipiga chapa sheria ndogo za jiji,
chumba cha nyuma, dirisha likitazama stoo ya mikokoteni ya taka.
Ushuru wa samaki, leseni za vileo, mbwa wasiofungwa,
urefu wa uzio, kina cha kaburi.
Tanga nzima niliipanga kwa vidole saba;
vitatu vya kushoto havikuwahi kujifunza.

Hakuna aliyeniuliza maana.
Mwanasheria, Bwana Mntangi, alileta rasimu zenye madoa ya chai
akasema, Foibe, usiguse neno.
Sikugusa. Lakini macho hayana mgambo.
Nikaona vifungu vyote vinaendeshwa
na maneno mawili tu:

Halmashauri yaweza.
Halmashauri itapaswa.

Yaweza kutoza. Yaweza kukamata, kufunga, kubomoa,
yaweza kuingia uani kwako mchana kweupe
kuangalia unakomwaga maji ya dagaa.
Kurasa kumi za yaweza; utepe wa wino ulichoka.
Itapaswa ilikuja ukurasa wa kumi na moja,
kama mgeni anayefika sinia limekwisha ondolewa:
itapaswa kuzibua mitaro,
itapaswa kuzoa taka za kila mtaa mara mbili kwa juma,
itapaswa kumsikiliza mlalamikaji.
Basi. Sahihi, lakiri.

Jumanne kijana wa mgambo alisimama Barabara ya Kumi na Nne,
mbele ya meza ya Mwanamkasi, jirani yangu wa mihogo.
Kitabu cha stakabadhi mkononi, buti moja halina kamba.
Maji machafu barabarani, akasema. Elfu hamsini.
Mwanamkasi akamwonyesha mtaro:
mchanga, viroba, chupa,
na mgomba uliojiotea humo humo,
umeshazaa mkungu, watoto wa chuo wameshaula.
"Niyamwage wapi, mwanangu? Niyanywe?"

Nikaingia ndani. Chini ya godoro nina nakala za kaboni.
Kiinua mgongo kilichelewa miaka miwili;
hizi nilitoka nazo siku ile ile.
Nikarudi na miwani, nikasoma kwa sauti,
si kifungu cha faini, hicho anacho kichwani,
bali ukurasa wa kumi na moja.
I-ta-pa-swa kuzibua.
"Hapa sikuandika yaweza," nikamwambia.
"Ningeandika ningekumbuka.
Zeti ya mashine ile ilikuwa inakwama."

Akaomba karatasi. Akasoma polepole,
kidole chini ya kila neno.
Wapanda baisikeli wawili wakashuka kusikiliza.
Kisha akasema, kama anayejisemea:
"Na mshahara wangu, bibi? Uko wapi humu,
kwenye yaweza au kwenye itapaswa?
Huu mwezi wa tatu."

Mwanamkasi akamkatia muhogo,
akamuuliza kwanza kama anatumia pilipili.
Stakabadhi hakuandika.
Wala hakusema kwamba amesamehe.

Usiku nikamwandikia Mkurugenzi. Kwa mkono.
Sikuandika naomba. Deni haliombwi, hudaiwa.
Nakala kwa diwani, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa,
nakala kwangu, chini ya godoro.
Dirisha la mapokezi binti akatafuta muhuri,
akaupulizia pumzi ili wino uamke.
IMEPOKELEWA. Siku ikatoka, mwezi ukatoka,
mwaka haukutoka.
Gonga tena, nikamwambia.
Akanitazama. Akagonga tena.

Leo Jumamosi. Mgomba bado umo mtaroni.
Wingu limetanda upande wa Pongwe,
na Mwanamkasi ameazima ndoo yangu ya pili.
Wajukuu zake wamebuni mchezo uani, nawasikia:
mmoja anaitwa Yaweza, anakimbiza wenzake wote,
mmoja anaitwa Itapaswa, amejificha.
Jua linataka kuchwa, chakula kimeiva,
bado wanamtafuta.